Kumfuata mume au mke Ujerumani: makaratasi ya kutengeneza ukiwa bado Tanga

Maombi mengi ya visa ya kumfuata mwenza huharibika kabla mwombaji hajapanda basi la Dar es Salaam. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi, cheti cha shule kinasema Mwanaamisi, NIDA wameongeza jina la babu, na cheti cha ndoa kimekuja na jina la nne ambalo halimo popote. Ofisa anayesoma faili lako hawajui watu wa Ngamiani wala Chumbageni waliokuona unakua. Anayo karatasi tu, na karatasi zikipingana, kwake huyo ni watu wawili.

Maelezo haya ni ya mtu anayeishi Tanga aliyeoana, au anayetaka kuoana, na raia wa Ujerumani. Kama mwenza wako ni Mtanzania au raia wa nchi nyingine anayeishi Ujerumani kwa kibali, masharti ni mengine: kipato chake na ukubwa wa nyumba yake vitapimwa. Kwa mwenza wa Mjerumani, vitu hivyo viwili kwa kawaida havizuii visa.

Majina kwanza

Tandika mezani kila hati uliyo nayo: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, namba ya NIDA yenye tarakimu 20, pasipoti, kadi ya kliniki ya watoto wako kama unao. Kwenye karatasi moja andika jina lilivyo katika kila hati, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe na mahali pa kuzaliwa. Usisome kwa haraka. Mohamed na Mohammed ni tofauti. Tanga na Muheza ni tofauti. Jina la mama lililoandikwa "Bi Zuhura" kwenye hati moja na "Zuhura Salimu" kwenye nyingine litaulizwa.

Marekebisho yana mpangilio wake. Anza na cheti cha kuzaliwa, ambacho kwa Tanga hushughulikiwa katika ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, kwa kuwa ndiko usajili wa RITA unakofanyika wilayani. Kikishakaa sawa, nenda NIDA. Pasipoti iwe ya mwisho, kwa sababu hufuata hizo mbili, na ukiitanguliza utalipa mara mbili: ada yake ni shilingi 150,000 na hudumu miaka 10. Kiapo cha wakili husaidia kueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, lakini kisitumike kuficha kosa linaloweza kusahihishwa. Faili lenye viapo vitano humfanya msomaji ashuku hata kile kilicho kweli.

Waliozaliwa nyumbani kwa mkunga, au waliozaliwa hospitali ya Bombo na wazazi hawakufuatilia cheti, huwa wamesajiliwa ukubwani. Cheti kilichotolewa ukiwa na miaka 28 si kosa, ila kinahitaji kuungwa mkono. Tafuta vilivyoandikwa zamani: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo kwa Mkristo, rejesta ya shule ya msingi, cheti cha darasa la saba. Barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni nyongeza nzuri, lakini imeandikwa leo, hivyo uzito wake ni mdogo kuliko rejesta ya miaka 20 iliyopita. Ubalozi ukiwa na shaka unaweza kuagiza hati zihakikiwe mpaka kwenye chanzo chake, na uhakiki huo hula miezi.

Kuna vishoka wanaouza vyeti "vilivyokwisha hakikiwa". Usiwaguse. Cheti cha kughushi kikigundulika huharibu maombi haya na kila ombi litakalofuata, na huko Ujerumani, kutoa maelezo ya uongo ili kupata kibali ni kosa la jinai linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 3.

Bomani au kwa sheikh

Ndoa ya bomani na ndoa ya Kiislamu au ya kanisani zote ni halali mbele ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kinachotakiwa ni kwamba aliyefungisha ana leseni ya kufungisha ndoa, mashahidi wawili wapo, na ndoa imesajiliwa ikatolewa cheti cha serikali chenye namba. Karatasi ya msikitini yenye mhuri wa zambarau haitoshi peke yake, hata kama harusi ilijaza mtaa mzima.

Notisi ya kusudio la kuoana hutolewa angalau siku 21 kabla ya ndoa. Mjerumani anayekuja kwa visa ya kawaida ya siku 90 ana muda, mradi notisi isisubiri wiki yake ya mwisho. Anahitaji pasipoti, cheti cha kuzaliwa, hukumu ya talaka au cheti cha kifo kama aliwahi kuoa, na hati ya kuonyesha hana kizuizi cha ndoa, ambayo kwao huitwa Ehefähigkeitszeugnis. Hati hiyo hutolewa na ofisi ya usajili ya mji wake na hudumu miezi 6 tu. Wengi hawajui kwamba ofisi hiyo haitoi mpaka ione hati za mchumba pia, yaani zako. Kwa hiyo vyeti vyako hutangulia Ujerumani kabla yeye hajapanda ndege kuja Tanga, na hii ni sababu nyingine ya kumaliza suala la majina mapema.

Sasa kuna mtego wa pwani yetu hasa. Mchumba anasilimu, anapewa jina la Abdallah, na siku ya ndoa sheikh anaandika Abdallah kwenye cheti. Pasipoti inasema Thomas. Kwa waliohudhuria hakuna tatizo lolote. Kwa ofisi ya Ujerumani, mume wako ni mtu asiyejulikana. Kabla kalamu haijagusa kitabu cha ndoa, mwombe mfungishaji aandike jina lote kama lilivyo kwenye pasipoti. Kama jina la Kiislamu linatakiwa liwemo, lifuate baada ya lile la pasipoti, na cheti cha kusilimu kiwekwe kwenye faili. Mkague cheti wote wawili hapohapo, tarehe na namba za pasipoti zikiwemo. Kusahihisha rejesta baada ya mwezi ni kazi ya kwenda na kurudi.

Jambo jingine ni aina ya ndoa. Sheria yetu huichukulia ndoa ya Kiislamu na ya kimila kuwa ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Ndoa ya bomani na ya kanisani huchukuliwa kuwa ya mke mmoja. Hilo halibatilishi ndoa yako ya Kiislamu, lakini Mjerumani aliye na ndoa hai kwao hawezi kukuongeza wewe. Kwa sheria yao huo ni ukiukaji, na visa haitatoka. Omba uone hukumu ya talaka yake, usitosheke na maneno. Ndoa ya simu au ya kuwakilishwa nayo tunashauri muiache, kwa sababu huzaa maswali ambayo ndoa ya ana kwa ana haina. Na wote wawili muwe mmetimiza miaka 18, hata kama sheria ya ndoa ya hapa inamruhusu msichana mapema zaidi.

Kuhusu kubadili jina: usiharakishe kuchukua jina la mume. Tanzania hakuna sharti la kufanya hivyo, na ukibadilisha pasipoti katikati ya safari, cheti cha lugha, cheti cha ndoa na pasipoti vitaanza kusigana upya. Fika kwanza, jina la familia litapangwa huko kwa utaratibu wao.

Talaka isiyofika mahakamani

Hapa ndipo watu wengi wa Tanga hukwama. Uliolewa ukiwa na miaka 19, mume akakuandikia talaka, ukakaa eda, maisha yakaendelea. Kidini umemaliza. Ila kwa Sheria ya Ndoa, amri ya talaka hutolewa na mahakama, baada ya shauri kupita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo kwa Waislamu huweza kuwa la BAKWATA. Bila hukumu hiyo, ndoa ya kwanza bado inahesabika, na ya pili inaweza kuonekana imefungwa juu ya nyingine.

Utaratibu ni huu: nenda baraza la usuluhishi upate hati inayosema suluhu imeshindikana, fungua shauri Mahakama ya Mwanzo, upate hukumu na amri ya talaka. Omba nakala zilizothibitishwa, zaidi ya moja. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, hivyo itahitaji mfasiri anayekubalika na ubalozi. Fanya hayo kabla ya ndoa mpya. Ukifanya baada ya ndoa, tarehe zitakusuta. Kama wewe na mtalaka wako wote ni Watanzania na hukumu ni ya mahakama ya Tanzania, Ujerumani kwa kawaida huikubali bila mchakato mwingine. Talaka isiyo ya mahakama lazima ipelekwe kwenye mamlaka ya sheria ya jimbo ili itambuliwe, na wewe ndiye utakayengoja.

Kijerumani cha A1

Tangu 2007 mwenza huonyesha anajua Kijerumani cha msingi, yaani A1, ngazi ya kwanza ya lugha, kabla ya kupewa visa. Mtihani unaojulikana zaidi ni Start Deutsch 1 wa Goethe-Institut, na ofisi yake ya Tanzania iko Upanga, Dar es Salaam. Una sehemu nne: kusikiliza kama dakika 20, kusoma dakika 25, kuandika dakika 20, kuzungumza kama dakika 15 kwa kikundi. Alama ni 100, na kufaulu ni kuanzia 60. Msamiati ni kama maneno 650.

Mswahili ana mtaji. Irabu a, e, i, o, u za Kijerumani ziko karibu na zetu, na aliyezoea ngeli hana sababu ya kuogopa der, die, das. Ni ngeli tatu tu, ila zinakaririwa pamoja na neno kuanzia siku ya kwanza. Tunapoteleza ni kuongeza irabu mwishoni, Brot ikawa "broti", na kwenye namba. Wajerumani husema moja-na-ishirini pale sisi tunaposema ishirini na moja. Kwenye kusikiliza wanasoma bei, namba ya chumba, saa ya treni, na mtahiniwa anaandika 52 badala ya 25. Mwambie mwenza wako akupigie simu kila jioni akutajie namba 20, uandike, kisha akague. Zoezi hilo moja huokoa alama nyingi.

Kwenye kuandika kuna fomu ya kujaza nafasi tano na ujumbe mfupi wa kama maneno 30 wenye hoja tatu. Jibu hoja zote tatu, hata kwa sentensi fupi mno, na usisahau salamu mwanzoni na kuaga mwishoni. Watu huandika hoja moja vizuri sana wakaacha mbili. Kwenye kuzungumza utajitambulisha, utataja jina lako herufi kwa herufi na namba ya simu, kisha utauliza na kuomba vitu kwa kutumia kadi. Fanyia mazoezi alfabeti yao mpaka jina lako litoke bila kufikiri.

Kwa anayeanza sifuri na kusoma kila siku, miezi mitatu hadi sita inatosha. Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, basi hutumia saa sita au zaidi. Nenda siku moja kabla, ulale. Tunza risiti za masomo na matokeo hata ya mtihani ulioshindwa. Mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani iliamua 2012 kwamba mwenza wa Mjerumani aliyejitahidi kweli kwa mwaka mmoja bila kufanikiwa hapaswi kuzuiwa kwa lugha peke yake, na juhudi huthibitishwa kwa karatasi. Ugonjwa au ulemavu unaomzuia mtu kujifunza pia ni sababu ya kusamehewa, kwa cheti cha daktari.

Ubalozini

Ubalozi wa Ujerumani uko Umoja House, Dar es Salaam. Unachoomba ni visa ya kitaifa ya kuungana na familia. Usiende kwa visa ya utalii ya siku 90 ukitumaini kubadilisha ukiwa huko. Wengine husafiri hivyo, wakafunga ndoa ya haraka Denmark, kisha wakaambiwa warudi Tanzania waombe upya. Nauli mbili zimekwenda.

Fomu hujazwa mtandaoni, kisha unafika siku ya miadi na hati za asili na nakala, kwa kawaida seti mbili: pasipoti, picha za milimita 35 kwa 45, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, cheti cha A1, hukumu za talaka kama zipo, nakala ya pasipoti ya mwenza na hati ya makazi yake. Orodha ya ubalozi ndiyo itakayosema ni hati zipi zipitie kwanza Wizara ya Mambo ya Nje. Ifuate neno kwa neno na uziweke hati kwa mpangilio wa orodha hiyo.

Ubalozi hupeleka faili kwenye ofisi ya wageni ya mji wa mwenza wako, Ausländerbehörde, ambayo lazima ikubali. Hesabu miezi. Mwenza apige simu huko baada ya wiki chache aulize kama faili limefika na kama kuna kinachokosekana. Tiketi isinunuliwe kabla visa haijabandikwa.

Mnaweza kuhojiwa, wakati mwingine wewe Dar es Salaam na mwenza Ujerumani siku hiyohiyo kwa maswali yaleyale: mlikutana wapi, nani alikuwepo kwenye ndoa, mahari ilikuwa kiasi gani, anafanya kazi gani na saa ngapi hutoka, wazazi wake wanaitwa nani. Msikariri majibu. Waliokariri hufanana mno, na hilo nalo huonekana. Kama hujui jina la mji wake au kama ana watoto, tatizo si mahojiano. Pelekeni picha zenye tarehe, tiketi zake za kuja, kumbukumbu za mawasiliano. Tofauti kubwa ya umri peke yake si sababu ya kunyimwa, ila itaulizwa. Jibuni kwa utulivu na ukweli.

Kama una mtoto unayetaka kwenda naye na baba yake yupo hai, idhini yake ya maandishi iliyothibitishwa ianze kutafutwa sasa, pamoja na hati ya nani ana malezi. Baba aliyekubali kwa mdomo hubadilika siku ya kusaini.

Ukinyimwa, soma sababu iliyoandikwa. Tangu Julai 2025 ubalozi haupokei tena barua za rufaa kama zamani. Zimebaki njia mbili: kuomba upya ukiwa umerekebisha kasoro, au kufungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kwa kasoro ya hati, kuomba upya mara nyingi ni haraka zaidi.

Ukishafika

Ndani ya wiki 2 sajili makazi yako, ukiwa na barua ya mwenye nyumba. Kisha, kabla visa haijaisha, nenda ofisi ya wageni upate kadi ya ukaazi. Ya kwanza hugharimu hadi euro 100. Kadi hiyo inakuruhusu kufanya kazi yoyote tangu mwanzo. Kama mwenza yuko kwenye bima ya afya ya umma na wewe huna kipato, huingia chini yake bila malipo ya ziada; hilo lifanyike wiki ya kwanza. Utapangiwa kozi ya saa 600 za lugha na 100 za sheria, historia na maisha ya huko. Hudhuria zote, kwa sababu baada ya miaka 3 ya kuishi pamoja unaweza kupata ukaazi wa kudumu, na utatakiwa uwe na kiwango cha B1, ngazi ya tatu ya lugha.

Haki moja ijulikane kabla ya safari, hasa kwa dada zetu. Ndoa ikivunjika baada ya kuishi pamoja Ujerumani miaka 3, unabaki na haki yako mwenyewe ya ukaazi. Ikiwa unapigwa au kunyanyaswa, huhitaji kuvumilia mpaka miaka hiyo itimie: sheria ina kipengele cha hali ngumu kinachokuruhusu kubaki hata kabla. Pasipoti na vyeti vyako vikae mikononi mwako, na uache nakala kwa mtu wa Tanga unayemwamini. Simu ya bure ya 116 016 husaidia wanawake wanaofanyiwa ukatili, saa 24, kwa lugha nyingi.

Ukirudi nyumbani kuuguza mzazi, hesabu siku. Ukikaa nje zaidi ya miezi 6 bila ruhusa ya ofisi ya wageni, kibali cha muda hufa chenyewe.

Uraia unaweza kuombwa baada ya miaka 3 ya ukaazi, ndoa ikiwa na umri wa miaka 2, ukiwa na B1 na umefaulu mtihani wa maswali 33 kwa kupata angalau 17. Tangu Juni 2024 Ujerumani haidai tena uache uraia wako wa zamani. Tanzania ndiyo isiyoruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo pasipoti ya Tanzania itakwenda, na pamoja nayo haki ya kumiliki ardhi kama raia. Kama una kiwanja Pongwe au sehemu ya shamba la urithi Muheza, kaeni na ndugu na wakili wa ardhi kabla ya kupeleka ombi la uraia, mkubaliane vitabaki kwa jina la nani na hati ziandikwe upya.